Mtoto Ajifunze Kupokea Kabla ya Kupiga

Hotuba ya Ofisa wa Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa walimu wa michezo, askari wa polisi jamii na wazazi, katika ufunguzi wa mafunzo ya ukocha wa mpira wa magongo kwa vijana



Nimeombwa niseme machache juu ya namna ya kumfundisha kijana mpira wa magongo. Yaliyomo katika vitabu vya sheria mtayasoma wenyewe. Mimi nitajikita katika neno moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo msingi wa kazi yote iliyo mbele yetu: mtoto ajifunze kupokea mpira kabla ya kujifunza kuupiga.

Kwanza tukumbushane kwamba mchezo huu si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1972 Uganda ilipeleka timu ya mpira wa magongo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich. Ni katika michezo hiyo hiyo ambamo askari polisi wetu, marehemu John Akii-Bua, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia na kuiletea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameshika nafasi ya sita huko Tokyo mwaka 1964, na nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971. Hadi leo polisi wa Kenya wana timu yao ya mchezo huu, na sisi tuna uwanja wetu wa Lugogo, Kampala. Kwa hiyo askari na mpira wa magongo wamefahamiana zamani. Kilichobaki ni kuufikisha mchezo kwa watoto wa mitaani mwetu na vijijini.

Hapo ndipo penye ugumu, nami sitauficha. Vijana wengi wamezoea kuona kipande cha mti mkononi mwa polisi kwa maana moja tu. Wengine hukimbia waonapo sare, hata kama hawana kosa. Leo tunataka kijana huyo huyo aje uwanjani, apewe gongo, na asimame mita tano mbele ya askari aliyeshika gongo lake. Akiumizwa siku ya kwanza, au akitukanwa, hatarudi. Naye atawaambia wenzake kumi. Basi namna tunavyoanza somo la kwanza si jambo la kiufundi peke yake. Uaminifu wa mtaa mzima umo ndani yake.

Makosa ya makocha wengi wapya ni kumpa mtoto gongo na kumwambia apige. Mtoto hufurahi, huinua gongo juu ya bega na kupiga kwa nguvu zake zote. Tukumbuke kwamba mpira wa mchezo huu ni mgumu, na una uzito wa gramu 156 hadi 163, yaani karibu mara tatu ya mpira wa tenisi. Ukiruka kwenye uwanja wa murram wenye vijiwe, hakuna ajuaye utakakoelekea. Atakayeumia ni yule asiyejua kupokea. Kwa sababu hiyo, wiki mbili za mwanzo tutumie mipira ya tenisi, na gongo lisiinuliwe kupita kiuno.

Tuanze na mikono. Mkono wa kushoto hushika juu kabisa ya mpini. Mkono wa kulia hushika chini yake, karibu na katikati ya gongo. Wa kushoto ndio dereva, kwa kuwa ndio unaogeuza gongo. Wa kulia ni kondakta, husaidia na kuacha mpini uzunguke ndani ya kiganja. Hata mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto hushika hivyo hivyo, kwa sababu magongo yote hutengenezwa kwa namna moja, na sheria inaruhusu kuucheza mpira kwa upande bapa na kingo zake tu. Upande wa mviringo ni marufuku.

Baada ya mikono, mwili. Magoti yakunjwe, mgongo usijipinde kama wa mkulima aliyechoka, na macho yaweze kuinuka. Mchoreeni mtoto uso wa saa ardhini, naye asimame katikati akielekea namba 12. Mpira ukae penye namba 1, mbele kidogo ya mguu wa kulia. Ukiwa karibu mno na miguu, hataona wenzake. Ukiwa mbali mno, ataporwa.

Sasa kupokea kwenyewe. Gongo liguse ardhi mapema, kabla mpira haujafika. Mpini uinamie mbele kidogo, ili mpira ukigonga ubaki chini usiruke usoni. Mikono iwe laini, irudi nyuma kidogo wakati wa kuguswa, kama mtu anayedaka yai. Katika viwanja vyetu vyenye mabonde madogo, mfundisheni pia kulilaza gongo karibu na ardhi. Hivyo anapata kizuizi kirefu, na mpira uliopinda njia hautampita.

Zoezi ni rahisi. Wapangeni wawili wawili, mita tano kati yao, wasukumiane mpira mara kumi. Pointi apewe anayepokea, wala si anayepeleka. Jozi yenye pointi nyingi ndiyo mshindi. Mtaona jambo la ajabu likitokea bila ninyi kusema neno: yule mwenye nguvu, akiona mwenzake anashindwa kuutuliza mpira, atapunguza kasi mwenyewe na kuulenga vizuri zaidi. Atatambua kwamba pasi isiyopokeleka si pasi. Maofisa wenzangu, hata sisi katika kazi yetu tunahitaji zoezi hilo. Amri au tangazo lisilofahamika kwa mwananchi halijafika, hata kama limetolewa kwa sauti kubwa.

Wakishaweza kupokea mara nane katika kumi, ndipo tuingie katika kusukuma kwa nguvu zaidi: mikono iachane, gongo ligusane na mpira tangu mwanzo, na uzito wa mwili uhame kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kisha wajifunze kupiga chenga kwa kugeuza gongo, mpira uende kulia na kushoto mbele ya mwili. Kupiga kwa kishindo kuje mwisho, mwezi wa pili au wa tatu, na kila anayepiga ahakikishe kwanza kwamba hakuna mtu karibu naye.

Kuhusu kumpokonya mpinzani mpira, kanuni ni moja: gongo liende kwenye mpira, mwili ukae mbali. Watoto wetu wamelelewa na soka, nao huja na mazoea mawili yatakayowaletea faulo. La kwanza ni kuukinga mpira kwa mwili, mgongo ukimwelekea mpinzani. Katika soka ni ustadi, hapa ni kosa la kuzuia njia. La pili ni kuusimamisha mpira kwa mguu. Msiwakaripie, waelezeni tofauti, mchezo uendelee.

Nije kwenye mbinu. Timu kamili ina wachezaji 11 katika uwanja wa mita 91.40 kwa mita 55. Kwa watoto wanaoanza, hiyo ni jangwa. Wagaweni watano kwa watano katika robo ya uwanja, kila mmoja auguse mpira mara nyingi. Mchezo wa wachezaji watano umekubalika duniani. Januari 2024 Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lilifanyika Muscat, Oman. Hapo tufundishe mambo matatu tu.

La kwanza ni pembetatu. Mwenye mpira awe na wenzake wawili wa kumpa, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Akitoa pasi, asisimame kutazama. Ahamie penye nafasi, ili pembetatu mpya izaliwe. Watoto wakikusanyika kwenye mpira kama nyuki, simamisheni mchezo, waulizeni: nani yuko peke yake? Waacheni wajibu wao.

La pili ni kumwongoza mpinzani pembeni. Beki asimrukie mshambuliaji. Asimame kati yake na goli, gongo likiwa chini, arudi nyuma polepole huku akimsukumiza kwenye mstari wa pembeni. Mstari ule ni beki wa ziada asiyechoka. Kumbukeni pia kwamba mchezo huu hauna sheria ya kuotea. Mshambuliaji anaweza kukaa mbele ya goli muda wote, hivyo mlinzi mmoja lazima awe na habari zake daima.

La tatu ni nusu duara iliyo mbele ya goli. Goli halihesabiwi mpaka mshambuliaji aucheze mpira ndani ya eneo hilo, ambalo mstari wake uko mita 14.63 kutoka golini. Basi mshambuliaji ajifunze kuingia kwanza, na mlinzi ajifunze kumchelewesha nje. Mlinzi akifanya kosa ndani, mara nyingi adhabu ni kona ya adhabu, ambapo walinzi wasiozidi watano, pamoja na kipa, hubaki nyuma ya mstari wa goli huku mpira ukirushwa nje ya nusu duara na kurejeshwa golini. Hilo ndilo pigo la hatari kuliko yote. Mahali pasipo na barakoa za uso na vifaa kamili vya kipa, nawasihi msilicheze. Badala yake wapeni washambuliaji wanne nafasi ya kuwakabili walinzi watatu kuanzia mita 23. Kadhalika, mtoto asisimame golini bila vifaa vya kipa. Wekeni vibao viwili vidogo, wafunge kwa kusukuma mpira katikati yake.

Nidhamu ya mchezo huu imo katika kadi tatu. Ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika mbili, ya njano kwa dakika zisizopungua tano, na nyekundu humtoa kabisa. Nazipenda kadi hizi mbili za mwanzo. Zinamfundisha kijana kwamba kosa lina adhabu inayojulikana, yenye kipimo, na kwamba adhabu ikiisha anarudi mchezoni bila kunyooshewa kidole. Tungekuwa na kijana mwenye uelewa huo wa sheria, kazi ya polisi ingekuwa nyepesi. Lakini ataupata wapi, ikiwa kocha mwenyewe anaonea?

Kwa hiyo yako masharti ambayo kila askari atakayefundisha hapa atayafuata. Gongo la kocha halimgusi mtoto kwa adhabu, hata kwa mzaha. Mtoto asikae na mtu mzima mmoja peke yao. Makocha wawe wawili, na wasichana wakiwapo, mmoja awe mwanamke. Kila mtoto aje na ridhaa ya mzazi. Mazoezi yaishe mapema, afike nyumbani kabla ya giza. Ngurumo ikisikika, wote watoke uwanjani na kuingia ndani ya jengo, kwa maana radi katika nchi yetu imeua watoto wengi.

Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote: uwanja huu si chumba cha mahojiano. Hakuna askari atakayemuuliza mtoto nani anauza bangi mtaani kwao, au kaka yake alilala wapi jana. Mtoto akija mwenyewe kueleza kwamba anadhulumiwa, msikilizeni kwa utulivu, msimwahidi siri msiyoweza kuitunza, na mpelekeni kwa maofisa wa ulinzi wa mtoto na familia waliofunzwa kazi hiyo. Tukiugeuza mchezo kuwa mtego, tutakamata mmoja na kuwapoteza mia.

Wazazi wapendwa, nanyi tunawaomba jambo. Njooni mketi kando ya uwanja. Mkituona tunavunja sharti lolote kati ya haya, tuambieni, nasi tutapokea. Askari anayemfundisha mtoto kupokea, naye hana budi kujua kupokea.

Vijana, nyinyi mmesubiri kwa subira. Magongo ni machache, mtapokezana. Kila mmoja ataanza kwa kuutuliza mpira mara kumi, na atakayejaribu kupiga kishindo leo atamfuatia mwenzake kwenye mstari wa mwisho. Msikate tamaa ukiwapita. Mpira huu umewapita hata mabingwa.

Sasa twende uwanjani.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.