Somo la Historia: Tuwaite Mashahidi wa Kilwa

Fungueni madaftari. Leo tunasoma habari za Kilwa Kisiwani ya zamani. Lakini hatutaridhika na kuambiwa na mwalimu tu. Tutawaita mashahidi wenyewe, kama wazee wa baraza wafanyavyo.

Shahidi wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Tena alisema kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti, zimeezekwa kwa majani.

Shahidi wa pili hana ulimi: ni magofu. Ukivuka leo kwa mashua utaona Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ilijengwa kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Utaona pia Husuni Kubwa, jumba la sultani yule yule. Yote mawili ni ya mawe na chokaa.

Je, Ibn Battuta alisema uongo? Tusifanye haraka. Habari zake hazikuandikwa Kilwa. Alizisimulia kwao Moroko, Ibn Juzayy akaziandika, na kazi ikaisha mwaka 1355. Toeni 1331 katika 1355: ni miaka 24. Nani atakumbuka kila paa?

Lakini magofu nayo hayasemi yote. Miti huoza, mawe hubaki. Pengine nyumba za watu wengi zilikuwa za miti kweli, nazo zimetoweka. Basi shahidi mmoja hatoshi.

Kwa hiyo kila maandishi yaulizeni hivi: Nani alisema? Alikuwapo? Yaliandikwa lini?

Maswali haya si ya Kilwa tu. Ukiletewa hati ya kuuziana kiwanja, usitie sahihi wala dole gumba kwa sababu umeambiwa, "Yote yamo humo." Isome mwenyewe. Tazama tarehe na majina ya mashahidi. Kisha nenda kiwanjani ukahesabu hatua za mipaka. Karatasi na ardhi zikipingana, ngoja kwanza.

Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja habari moja ya zamani ya Kibamba. Andika jina lake, tarehe na maneno yake. Halafu tafuta shahidi wa pili.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.