Mbegu ndani ya chungu na moyo wa mama



Leo tutasema juu ya mbegu: karanga, mbegu za maboga na ufuta. Pale sokoni, Kenya ao Katuba, pengine mmesikia watu wakisema: "Mama, kula mbegu ya maboga, itaosha damu. Acha ile kinini ya tansiyo." Neno hili ni kweli nusu, na ile nusu nyingine inaweza kuua mtu. Basi tulipepete pamoja, kama mnavyopepeta mchele.

1. Kuna nini ndani ya mbegu?

Ndani ya damu yetu kuna namna ya mafuta inayoitwa kolesteroli. Maini yetu yanaitengeneza, na ingine tunaila katika nyama, mayai na maziwa. Mwili unaihitaji. Lakini ikizidi, inashika ndani ya mishipa ya damu, mwaka kwa mwaka, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Mshipa wa moyo ukizibika, moyo unaumia. Mshipa wa kichwa ukizibika, upande mmoja wa mwili unaweza kufa.

Mimea nayo ina kitu kinachofanana na kolesteroli, sawa ndugu wa tumbo moja. Kinaitwa steroli. Mbegu zina steroli nyingi kupita majani na matunda. Tukila, vitu hivi viwili vinakutana ndani ya matumbo, na vyote vinataka kupanda taksibisi moja ya kuingia katika damu. Nafasi ni chache. Steroli zikikalia viti, sehemu ya kolesteroli inabaki nje, inatoka na choo. Na steroli zenyewe? Mwili unazirudisha karibu zote. Kwa hiyo kolesteroli ya damu inashuka kidogo. Hii ndiyo nusu ya kweli.

2. Lakini ni kiasi gani?

Waganga walipima jambo hili. Mtu akipata gramu 2 za steroli kila siku, kolesteroli mbaya inashuka karibu 8 mpaka 10 kwa 100. Kule Finland, tangu mwaka 1995, wanauza margarini iliyotiwa kitu cha jamii hii.

Sasa tufanye hesabu. Gramu 100 za mbegu za maboga zina karibu miligramu 265 za steroli. Ufuta una karibu 400. Mkono mmoja uliojaa mbegu za maboga ni gramu 30 hivi, ni kusema miligramu 80 tu. Kufikia gramu 2, mama atakula mikono 25 kwa siku! Tumbo litakataa, na mfuko wa franga pia utakataa.

Je, mbegu hazina faida? Zina faida kubwa. Mafuta yake ni mororo kwa mishipa, na zinaleta nguvu ya kujenga mwili kwa bei ndogo kuliko nyama. Faida ya moyo inaonekana zaidi pale mbegu zinapochukua nafasi ya mafuta mengine. Mafuta ya mawese ni chakula, na yale mekundu yanasaidia macho ya watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta magumu yanayopandisha kolesteroli. Basi ukipika lengalenga ao majani ya maboga, tia unga wa karanga, kama watu wa Kibemba wanavyopika ifisashi, na usiongeze mafuta tena juu yake.

3. Tansiyo ni jambo lingine

Mama, sikiliza vizuri hapa. Steroli inagusa kolesteroli. Haishushi tansiyo. Tansiyo ni damu inayosukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, na mara nyingi haina maumivu. Ndiyo sababu mtu anajisikia mzima, anaacha kinini, na siku moja mshipa wa kichwa unapasuka. Kinini ya tansiyo inamezwa kila siku, hata siku unajisikia vizuri. Ikiwa inakuletea shida, usiitupe; kuja tuibadilishe.

Punguza pia chumvi. Kwa siku nzima mtu mkubwa asipite kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na chumvi iliyojificha ndani ya makayabo na kibe za supu. Makayabo loweka, mwaga maji, loweka tena.

Na mama mwenye mimba: kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, ao uso na mikono ikivimba, usikae nyumbani kutafuna mbegu. Kuja lopitali siku ileile, hata usiku.

4. Kuchagua na kulisha

Karanga zenye kuvu, zilizokunjana ao zenye ladha ya uchungu, usinunue hata kama ni bei rahisi. Kuvu ile ina sumu inayoharibu maini, na kukaanga hakuiondoi yote. Anika mbegu vizuri kabla ya kuweka, sana sana wakati wa mvua.

Mtoto asiyefikisha miaka 5 usimpe karanga nzima, inaweza kumziba pumzi. Twanga, changanya na uji. Ukiona midomo inavimba ao ngozi inatoka vipele baada ya kula, acha, mlete upesi.

Mama, ukirudi nyumbani, sema mambo haya kwa wenzako, na sana sana kwa nyanya mwenye tansiyo:

– Mbegu ni chakula kizuri cha moyo, zikichukua nafasi ya mafuta mengi.
– Mbegu si dawa ya tansiyo.
– Bukari na ifisashi juu ya meza, kinini pembeni yake: vyote viwili, kila siku.