Mwenye Funguo Naye Ahukumiwe

Msikilizaji, mtu akiwa mahabusu hana pa kukimbilia. Funguo za mlango anazo yuleyule anayemwonea. Mkewe yuko getini tangu asubuhi, hotipoti ya ugali mkononi, anaambiwa atoe kwanza hela ya soda. Akigoma, chakula hakifiki. Akitoa, kesho ataombwa tena.

Huku kwetu, Bariadi na Maswa, kuonewa kwa mahabusu kuna historia chungu. Mwaka 1976, wilaya hizi zikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, Serikali iliendesha operesheni kali Mwanza na Shinyanga kuwasaka wauaji wa vikongwe walioshukiwa uchawi. Kuwalinda wazee wale ilikuwa haki. Lakini washukiwa walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola.

Januari 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Hakumgusa mahabusu hata mmoja. Waliotesa walikuwa chini ya wizara yake, na kwake hilo lilitosha. Peter Siyovelwa, waziri aliyeshughulikia usalama, naye akaachia ngazi, pamoja na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga.

Wengi wetu tunausifu uungwana wa Mzee Mwinyi, tena kwa haki kabisa, halafu tunaishia hapo. Mimi naona zito zaidi ni lililofuata: maofisa wa polisi na wa usalama walipandishwa kizimbani, wakatiwa hatiani, wakafungwa. Waziri akijiuzulu, Serikali imeomba radhi. Aliyefiwa na mwanawe ndani ya mahabusu anadai hukumu.

Leo askari, awe wa polisi au wa magereza, akilalamikiwa, mara nyingi tunasikia amehamishwa kituo. Huko ni kuwapelekea watu wa wilaya nyingine balaa letu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inayataja matumizi mabaya ya madaraka kuwa kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote pamoja. Kwa aliyemuumiza mtu asiyeweza hata kukimbia, miaka 3 naiona michache. Lakini hata hiyo haipatikani kama hakuna aliyeshtaki.

Basi wewe unayeombwa hela getini, usitoe. Shika jina la askari, siku na saa, kisha piga TAKUKURU namba 113. Simu hiyo ni bure.