Tusikomee Njiani



Mnanijua kwa kazi yangu ya kuchoronga miamba. Leo nina kisa cha wachorongaji wa zamani wa Afrika Kusini.

Kabla mashine za dizeli hazijaenea, mitambo mingi ya kutafutia madini iliendeshwa kwa mvuke. Boila lilijazwa maji, chini yake ukawashwa moto wa kuni au makaa ya mawe. Mvuke ulisukuma pistoni, pistoni ikazungusha gurudumu, nalo likanyanyua patasi nzito ya chuma na kuiachia itwange mwamba. Mitambo mingine ilizungusha bomba lenye almasi mdomoni, likapandisha kipande cha mwamba kirefu kama muwa, kikaonyesha kilichomo chini. Moto ukizimika, kazi imesimama. Kila siku ilidai kuni, maji, vibarua na fedha.

Mwaka 1933, Allan Roberts na wenzake walianza kuchoronga kwa mtambo wa mvuke katika shamba la Aandenk, karibu na Odendaalsrus, jimbo la Free State. Walishuka zaidi ya futi 4,000. Fedha zikaisha, wakaacha. Baadaye ikabainika kwamba mwamba wa dhahabu ulikuwa kama futi 400 tu chini ya pale walipokomea. Mwaka 1946, shimo la shamba la Geduld, eneo hilohilo, lilitoa dhahabu iliyotikisa masoko ya hisa. Mji wa Allanridge ukapewa jina la Roberts. Jina alipata, dhahabu waliifaidi wengine.

Simlaumu. Hakuwa na namna ya kuziona futi zilizobaki. Sisi tunaona kwa macho. Boma la bweni la wasichana limefika kwenye lenta. Limebaki kupauliwa, kupigwa sakafu, kuwekwa milango na madirisha. Misimu miwili ya mvua imelinyeshea, na tofali za juu zimeanza kumomonyoka. Tukikawia, tutarudia kujenga tulichokwisha kujenga. Na wakati huo binti zetu wanaendelea kupanga vyumba mtaani, peke yao, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Wengine hawamalizi kidato cha nne, na sababu tunazijua sote.

Najua wapo wanaouliza, “Tumechanga mara ngapi, na fedha iko wapi?” Swali hilo ni halali. Mweka hazina yupo hapa na vitabu vyake. Muulizeni, mridhike, kisha mchange.

Mwenye uwezo wa bati moja alete bati moja. Asiye na bati alete nguvu zake siku ya kupaua. Roberts alikosa fedha ya futi za mwisho. Sisi tuko wengi, tusikomee kwenye lenta.