Kinanda Kidogo Chenye Vifungo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mapinga)



Jambo letu ni dogo, lakini limetukaa moyoni.

Mwaikumbuka arusi ya mwenzetu hapa Mapinga. Mzee mmoja alifungua kitambaa, akatoa taishokoto, akaiweka mapajani. Nasi makarani, tulipoviona vifungo vyake, tulicheka, tukamwuliza kama amekuja kupiga chapa barua. Mzee akaifunga tena katika kitambaa chake, wala hakuipiga.

Kumbe tulicheka na huku tumesema kweli. Taishokoto ilibuniwa na Mjapani Goro Morita, katika mji wa Nagoya, mwaka 1912, naye alifuata mfano wa mashine ya kupigia chapa. Mkono wa kushoto hubonyeza vifungo, na wa kulia hupiga nyuzi. Ikavuka bahari, ikaingia katika taarab ya Unguja na Mombasa.

Wala si ajabu. Tutazame ukulele, kinanda cha nyuzi nne kisifiwacho kuwa cha Hawaii. Mwezi wa Agosti, 1879, merikebu Ravenscrag ilifika Honolulu na Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi watatu: Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Hao walitengeneza vinanda kwa mfano wa kile cha kwao kiitwacho machete. Mfalme Kalākaua hakukidharau, bali alikikaribisha katika karamu zake. Mwaka 1915, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, Wamarekani walikisikia wakakipenda, kikaenea duniani. Leo ni wachache waitajao Madeira.

Basi twaona kwamba kitu cha kuazima huwa cha mwenyewe kwa kutumiwa na kuheshimiwa. Kule Hawaii kinanda kigeni kilipata mfalme wa kukisikiliza; hapa Mapinga kilipata makarani wa kukicheka.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, wajumbe wawili waende kwa mzee wakamwombe radhi, na kumwalika katika karamu yetu ijayo. Pili, apatikane kijana wa kujifunza kwake, maana mzee hana mwanafunzi. Sisi tuliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote tu tayari kuwa wajumbe wa kwanza.