Tairi Kubwa kwenye Hiace Kuukuu

Msikilizaji, tairi ya 195/70 R15 ina kipenyo cha milimita 654 hivi. Ya 215/75 R15 inakaribia 704. Ukiitoa ya kwanza na kufunga ya pili, mshale wa spidi ukionyesha kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo Kenya ndiyo kikomo cha matatu, gari linakimbia takriban 86, huku breki zile zile zilizochakaa zikibanwa kusimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi. Wapo watakaosema barabara zetu mbovu zinadai gari liinuke. Ni kweli, lakini linainuka nusu tu ya nyongeza ya kipenyo, yaani milimita 25, na likijaa abiria tairi huweza kusugua bodi dereva akikata kona. Kagua kwanza springi na shokomzoba, kisha funga saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.