Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Tupime

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tuongee juu ya pikipiki ya kikundi, ile ya zamani inayopeleka maziwa asubuhi na wagonjwa usiku.

Katika vikundi tunavyotembelea, malalamiko ni yale yale: betri imekufa. Wanachama wanachanga, wananunua mpya, na baada ya majuma machache nayo imekufa. Hapo ndipo maneno huanza. Dereva anaambiwa ameuza betri nzuri akaweka mbovu. Mweka hazina anadaiwa risiti. Kumbe pengine hakuna mwizi!

Tuelewe jambo moja. Betri ni kama mtungi: inaweka umeme, haiutengenezi. Umeme unatoka kwenye koili zilizo ndani ya injini, unapita kwenye rektifaya, kile kidude kinachougeuza na kuupima ufae betri. Mfereji ukiziba, mtungi mpya nao utabaki mtupu.

Sasa, tufanyeje?

Kwanza, tutumie macho. Je, vichwa vya betri vimelegea au vina ukungu mweupe? Tuvisafishe, tuvikaze. Waya hasi unaoshikana na fremu tuuangalie vilevile, maana kutu huzuia umeme. Kama betri ni ya kuongezwa maji, yawe kati ya alama mbili. Tuongeze maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima, wala si asidi. Tahadhari: asidi inachoma macho na ngozi, na gesi ya betri inashika moto. Sigara na taa ya koroboi zikae mbali.

Pili, tupime injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Mita ndogo ya umeme ni rahisi kuliko betri, na vikundi viwili vinaweza kununua moja. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, haina chaji. Tusiitupe bado! Ichajiwe polepole: betri ya saa-ampea 7 yafaa ampea 0.7 hivi, si chaja kubwa ya lori. Ikijaa, halafu ikashuka yenyewe usiku mmoja, hapo kweli betri imechoka.

Tatu, tuwashe injini, tuongeze moto kiasi, mita ikiwa bado kwenye betri. Volti zapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, pikipiki haichaji. Zikipita 15, rektifaya imeharibika: betri itachemka, maji yataisha, balbu zitaungua. (Baadhi ya pikipiki za zamani hutumia betri ya volti 6, hapo hesabu ni karibu nusu.)

Kama haichaji, tuanze na kitu rahisi. Tufuate nyaya kutoka kwenye injini hadi rektifaya, tutazame pale zinapoungana. Mara nyingi kiungo kimeungua kikawa cheusi. Kikiwa kizima, basi twende kwa fundi apime koili na rektifaya, tukiwa na namba zetu zimeandikwa. Fundi akiona tumepima, hatatuuzia betri kwa kubahatisha.

Wengine huondoa betri injini ikinguruma, ati wajue kama inachaji. Tuache kabisa. Umeme hupanda ghafla na kuharibu rektifaya na balbu.

Ndugu zetu, mgonjwa aliyebebwa gizani bila taa yumo hatarini, na ndugu aliyesingiziwa wizi hurudi kikundini kwa shida. Namba mbili tu daftarini, ya injini imezimwa na ya injini inawaka, zingeokoa mengi.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Mwaka uliopita tulinunua betri ngapi? Je, tulipima kwanza?
2. Nani atatunza mita na daftari?
3. Je, kuna mtu tuliyemlaumu bure, na tutapatana naye vipi?